Maneno ya Kuhesabia Seli za Kinga

Makala haya yamekusudia kuchungua maneno machache ya Kiswahili yanayotumika katika kazi moja ya maabara, nayo ni kazi ya kuhesabu seli za damu zinazotambua virusi fulani na kupambana navyo. Yamkini msomaji wa jarida la lugha ataona kwamba jambo hili ni la waganga na si letu. Jibu langu ni kwamba kazi hiyo, hapa kwetu, huanza kwa Kiswahili. Mtu huombwa damu yake kwa Kiswahili, hutia saini fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili, na mpokezi wa chupa humwuliza mwenzake kwa Kiswahili damu ilitolewa lini. Kiingereza huja baadaye, katika majedwali na ripoti. Ikiwa maneno ya mwanzo yana kasoro, kasoro hiyo haitaonekana katika jedwali la mwisho, wala haitakuwa imeondoka.

Mahali ninapopachukua kuwa mfano ni Bagamoyo, mji ambamo imo kata ya Dunda. Wanalugha wanaujua mji huu kwa sababu zao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini na ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alikuwa mtu wa huku. Padre Charles Sacleux, mtungaji wa kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, aliishi na kufanya kazi katika misheni ya Bagamoyo. Wanasayansi nao wanaujua kwa sababu nyingine. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake Bagamoyo. Kituo hicho kilikuwa kimoja katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, na baadaye chanjo nyingine ya malaria, iitwayo PfSPZ, ilijaribiwa papo hapo. Malaria haitokani na virusi, na majaribio makubwa ya chanjo za virusi vya UKIMWI katika Tanzania yamefanyika Dar es Salaam na Mbeya. Lakini maneno yanayotumiwa katika kazi zote hizo ni yale yale, na watu wanaoambiwa maneno hayo ni wasemaji wa lugha moja.

I. Kazi yenyewe

Kabla ya kuyahukumu maneno, hatuna budi kuijua kazi. Kipimo ninachokisema huitwa Elispoti. Kilielezwa mwaka 1983 na Cecil Czerkinsky na wenzake, wakati huo kwa ajili ya seli zinazotoa kingamwili. Baadaye kikatengenezwa kwa ajili ya seli za aina iitwayo T, ambazo ndizo tunazozizungumzia. Huchukuliwa sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Sakafu ya kila kishimo ni utando uliopakwa kitu kinachonasa intaferoni gama, na intaferoni gama ni kitu ambacho seli T hukitoa inapomtambua adui wake. Seli zilizotengwa na damu hutiwa vishimoni, aghalabu 200,000 katika kila kishimo, pamoja na vipande vidogo vya protini ya virusi vinavyochunguzwa. Sahani hulazwa usiku kucha katika joto la mwili. Seli iliyovitambua vipande vile hutoa intaferoni yake, nayo hunaswa pale pale seli ilipo. Asubuhi seli huoshwa zikaondoka, dawa ya rangi hutiwa, na kila mahali palipokuwa na seli iliyoitika hubaki doa. Madoa huhesabiwa, na hesabu hutolewa kwa kila seli milioni moja. Vishimo vingine huachwa bila vipande vya virusi, ili yajulikane madoa yanayotokea bure. Vingine hutiwa kichocheo kikali, ili ijulikane kama seli zenyewe zina uhai na uwezo wa kuitika.

Kazi ni rahisi kuisimulia, ila ni ngumu kuifanya kwa namna moja kila mahali. Damu ikikaa muda mrefu kabla ya kutengwa seli zake, seli huchoka. Zikigandishwa vibaya na kuyeyushwa vibaya, nyingi hufa. Seramu inayotumika kuzilisha yaweza yenyewe kuzichochea. Na anayetazama madoa hana budi kuamua lipi ni doa na lipi ni uchafu wa utando. Katika jaribio la kulinganisha lililoanza mwaka 2005, maabara 36 za nchi 9 zilipelekewa seli za watu wale wale zikaombwa kuhesabu. Tofauti zikawa kubwa, na baadhi ya maabara hazikuuona kabisa mwitiko dhaifu ambao wenzao waliuona. Kutokana na hayo ukatokea mwongozo: pumzisha seli baada ya kuziyeyusha, hesabu zilizo hai, ijaribu seramu kabla ya kuitumia, wafundishe wasomaji wa madoa kwa kanuni moja. Mwaka 2009 zikachapishwa habari za maabara za mabara matatu, za Afrika zikiwamo, zilizokuwa na utaratibu wa pamoja, na hesabu zao zilikaribiana.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Wazee walipouziana nafaka, vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na kila mtu aliijua hesabu hiyo. Lakini mnunuzi mwerevu aliuliza swali la pili: ni kibaba cha mfuto au kibaba cha tele? Cha mfuto ni kile kilichopitishwa kijiti juu ya mdomo wake kikawa sawasawa. Cha tele ni kile kilichorundikwa. Jina la chombo ni moja, idadi ya vyombo ni moja, na nafaka si moja. Kusanifisha kipimo cha maabara ni kukubaliana juu ya mfuto na tele. Nami nasema kwamba maneno ya Kiswahili yanayotumika katika kazi hii, mengi yao, hayajapitishiwa kijiti.

II. Kinga

Neno la kwanza, nalo ndilo lenye hatari kuliko yote, ni kinga. Tuliangalie lilivyotawanyika. Kukinga ni kuweka kitu mbele ya hatari, kama mtu akingavyo mvua kwa mwavuli au kofi kwa mkono. Katika usemi wa mabango ya hospitali, kwamba kinga ni bora kuliko tiba, neno hili ni kitendo cha kuzuia maradhi yasije. Katika jina UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini, ni uwezo wa mwili wa kujilinda. Likiunganishwa kuwa kingamwili, huwa ni kitu mahsusi kilichomo katika damu, protini inayonata juu ya adui, hata nafasi moja tupu kati ya kinga na mwili hubadili maana ya sentensi nzima. Katika mazungumzo ya vijana, kutumia kinga ni kuvaa kondomu. Na vidonge ambavyo mtu asiye na virusi humeza ili asiambukizwe huitwa dawa kinga. Hizo ni maana tano au sita, zote halali, zote zinaishi katika chumba kimoja cha zahanati.

Sasa tuchukue habari ya kweli. Mwaka 2007 lilianza Dar es Salaam jaribio la chanjo ya virusi vya UKIMWI lililoitwa HIVIS03, likiongozwa kutoka Muhimbili kwa ushirikiano na watafiti wa Sweden. Walijitolea watu 60 wazima wasio na virusi, wengi wao askari polisi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 ilielezwa kwamba, baada ya chanjo ya kwanza ya nyongeza, watu wote 35 waliochanjwa na kupimwa kwa Elispoti walionekana kuitika. Ilikuwa kazi nzuri, tena ilifanywa na maabara ya hapa hapa. Lakini natunga sentensi ambayo mfasiri yeyote angeweza kuiandika juu ya habari hiyo: “Watu wote 35 walipata kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI.” Sarufi yake ni safi. Kila neno lake limo kamusini. Nayo si kweli, kwa kuwa Elispoti haikuonyesha kwamba mtu hata mmoja kati yao hawezi kuambukizwa, wala watafiti hawakudai hivyo.

Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Mwaka ule ule wa 2007, mwezi wa Septemba, jaribio jingine liitwalo Step, lililokuwa na watu wapatao 3,000 katika nchi za Amerika na Australia, lilisimamishwa. Chanjo yake ilikuwa imezalisha seli T zilizoonekana katika Elispoti kwa wengi wa waliochanjwa, na hata hivyo haikuwazuia kuambukizwa. Kwa baadhi ya wanaume maambukizo yalikuwa mengi zaidi kuliko kwa wenzao waliopewa chanjo bandia. Madoa yalikuwapo, hifadhi haikuwapo. Na katika jaribio la PrEPVacc, lililofanyika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, uchanjaji ulisimamishwa mwaka 2023 ilipoonekana kwamba hapakuwa na matumaini ya chanjo zile kuzuia maambukizo. Katika jaribio hilo walioshiriki walipewa pia vidonge. Basi mfikirie mwuguzi anayetaka kumweleza mshiriki wa jaribio la namna hiyo kwa Kiswahili cha kawaida: chanjo huamsha kinga, vidonge ni dawa kinga, aendelee kutumia kinga, na damu yake itapimwa kuona kama ana kinga. Mwuguzi hakusema uongo hata mara moja. Lakini msikilizaji akitoka nje akaamua kwamba kinga moja yatosha badala ya nyingine, tutamlaumu nani? Neno limemwongoza hivyo.

Wengine husema kwamba fomu hizi hupimwa kwa tafsiri rejea, yaani mfasiri wa pili huirudisha fomu katika Kiingereza, na ikirudi sawa huhesabiwa kuwa imepona. Kwa neno kinga mtihani huu hauna nguvu. Mfasiri wa pili ni msomi, anaijua habari, akikutana na kinga huchagua ile maana ambayo mtafiti aliitaka, na sentensi hurudi nyumbani salama. Aliyekosa ujuzi wa kuchagua ni mshiriki, naye hakuulizwa.

Dawa ya ugonjwa huu iko ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo wageni huvichanganya: kuitika na kuitikia. Mtu huitika anapoitwa kwa jina lake. Huitikia salamu, wimbo au dua. Seli T tunayoihesabu ina tabia hiyo ya kwanza: haijibu kila kelele, hujibu jina moja tu, yaani kipande kimoja cha virusi inachokijua. Kwa hiyo napendekeza kwamba kinachohesabiwa katika Elispoti kiitwe mwitiko, na seli zenyewe ziitwe seli zinazoitika virusi kadha wa kadha. Neno mwitikio, ambalo magazeti hulitumia kwa watu wanaojitokeza katika mkutano au kampeni, liachwe huko liliko. Na hali ya kutoambukizwa, ambayo haionekani katika sahani bali kwa kuwafuata watu miaka, iitwe hifadhi. Mtu aliyeitika hodi bado hajafungua mlango, na kila mtu wa pwani anajua hivyo. Basi akiambiwa kwamba mwili wake umeitika, hatadhani kwamba amekwisha kuhifadhiwa.

Usemi wa seli za virusi, ambao hutumika kwa kufupisha, nao haufai. Kiunganishi -a kina mambo mengi: dawa ya macho ni ya kuyaponya, dawa ya mbu ni ya kuwaua. Katika dawa ya mbu maisha yametufundisha maana. Katika seli za virusi hakuna aliyetufundisha, na anayesoma aweza kudhani kwamba virusi vina seli zao, jambo ambalo mwanafunzi wa biolojia hulikanusha katika somo la kwanza.

III. Chembe hai

Neno la pili ni chembe. Kwa muda mrefu habari za UKIMWI zimeeleza damu kwa maneno chembe nyeupe, chembechembe, na hasa chembe hai. Chembe ni neno zuri na la kale, la punje ya nafaka na kitu kidogo chochote, nalo lilisaidia watu wengi kuelewa jambo geni. Hapo lilistahili sifa. Lakini maabara inataka kitu ambacho chembe hai haiwezi kukitoa. Tumeona kwamba shauri moja kubwa la mwongozo ni kuhesabu seli zilizo hai peke yake, kwa sababu seli zilizokufa zikihesabiwa pamoja na nzima, ile 200,000 ya kishimoni huwa kibaba cha tele kwa jina na pungufu kwa kweli. Sasa fundi anayefuata istilahi ya chembe hai ataziitaje zile zilizokufa? Hana budi kuandika chembe hai zilizokufa, au chembe hai zisizo hai. Neno limekwisha kuutumia ule uhai kuwa sehemu ya jina, kwa hiyo halina tena uhai wa kutolea habari. Kila lugha ina mapambo yanayogongana, lakini hili limegonga mahali pale pale ambapo hesabu hupotea.

Kwa sababu hiyo nasimama na wale wanaotumia seli. Ni neno la kigeni lililokwisha kupata sauti ya Kiswahili, lina ngeli inayojulikana, na linapokea sifa bila ugomvi: seli hai, seli mfu, seli zilizogandishwa, seli zilizopumzishwa. Wapendao maneno ya asili wasiudhike. Neno la asili lisiloweza kukanushwa bila kujipinga halifai kuwa istilahi. Chembe ibaki katika mazungumzo ya kijiji na redio. Maabarani ije seli.

Idadi ya seli iliwahi kuamua haki ya mtu kupata dawa, na jambo hilo latukumbusha kwamba hesabu hizi si za vitabuni tu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010 kwamba mwenye virusi vya UKIMWI aanze dawa CD4 zikiwa 350 au chini katika ujazo mdogo wa damu. Mwaka 2013 kikomo kikapandishwa hadi 500. Mwaka 2015 kikaondolewa, kila mwenye virusi akastahili dawa. Katika miaka ile ya vikomo, mtu aliyehesabiwa 360 mahali pamoja angeweza kuhesabiwa 340 mahali pengine, na tofauti ya vipimo ikawa tofauti ya dawa.

IV. Kipimo na saa

Neno kipimo lenyewe limelemewa. Ni kitendo cha kupima, ni chombo cha kupimia, ni kiasi cha dawa, ni jibu analosubiri mgonjwa, na ni kizio cha urefu au uzito. Agizo la kwamba vipimo viwe sawa katika vituo vyote laweza kufahamika kwa njia tano, na fundi mwaminifu atatii ile iliyo karibu na kazi yake. Hapa lugha haikosi njia. Sarufi ya Kiswahili imetupa kauli ya kutendea, kwa hiyo chombo kiitwe kipimio. Kitendo kiitwe upimaji. Kiasi cha dawa kibaki dozi, kama watu wasemavyo. Jibu liitwe tokeo. Na kizio kiitwe kizio. Neno kipimo liwekewe utaratibu mzima wa maabara wenye jina, kama vile kipimo cha Elispoti. Hakuna neno jipya hata moja katika orodha hii. Kilichohitajika ni kuyagawia kazi maneno tuliyo nayo.

La saa ni fupi lakini si dogo. Maabara nyingi hutaka seli zitengwe na damu muda usiozidi saa nane tangu damu ilipotolewa. Tuseme damu imetolewa Bagamoyo, na maabara iko Dar es Salaam, umbali wa kilometa 70 hivi za barabara yenye foleni. Agizo likiandikwa kwamba damu ifanyiwe kazi kabla ya saa nane, Mswahili aliyelelewa na jua letu husoma saa ya ukutani: saa nane mchana, yaani saa mbili baada ya adhuhuri. Damu iliyotolewa saa moja asubuhi ingekuwa imepewa saa saba. Iliyotolewa saa nne ingekuwa imepewa nne tu, na ile ya alasiri isingeweza kulitii agizo hata kidogo. Tena atokee mwingine aliyezoea saa za kompyuta, ambazo huhesabu tangu usiku wa manane, asome saa nane kuwa asubuhi. Agizo moja, tafsiri tatu, na seli hazingojei ufafanuzi. Basi muda uandikwe kuwa muda: katika muda wa saa nane tangu damu ilipotolewa, na wakati wa siku uandikwe pamoja na jina lake, saa nane mchana au saa mbili usiku. Hii si istilahi, ni nahau tu ya kawaida, lakini kanuni zote za maabara zimejengwa juu yake.

V. Kusanifisha na kupatanisha

Limebaki swali la namna. Wenye Elispoti wenyewe wamegawanyika katika njia mbili. Njia moja ni kuilazimisha kila maabara ifuate utaratibu ule ule, vifaa vile vile, hatua kwa hatua. Njia ya pili ni kuiachia kila maabara utaratibu wake, ila wote wakubaliane juu ya zile hatua chache zinazobadili hesabu, kisha wapimwe mara kwa mara kwa seli za namna moja. Ya kwanza naiita kusanifisha. Ya pili naiita kupatanisha. Katika maandishi yetu yote mawili huitwa usanifishaji, na hilo nalo ni kosa.

Wanalugha wa Kiswahili wamezipitia njia hizi zote mbili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha. Kazi ile ilitupa vitabu vya shule kutoka Lamu hadi Kigoma, na sitaki kuibeza. Lakini mwaka 1939 zilitoka kamusi mbili. Moja ni ile iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, kamusi ya Kiswahili sanifu. Nyingine ni ya Sacleux, ambaye aliyaandika maneno pamoja na alama ya lahaja yalikotoka, Kimrima cha Bagamoyo kikiwa miongoni mwake. Ya kwanza yasema neno lipi litumike. Ya pili yasema neno gani lasikika wapi. Mwenye kuandika fomu ya ridhaa azihitaji zote mbili, maana fomu iliyo sanifu ambayo mama wa Dunda anaifahamu kinyume haijasanifisha kitu.

Kwa hiyo sipendekezi kamati nyingine ya kutunga maneno. Taasisi hii ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967. Maneno yapo. Lililokosekana ni upimaji wa maneno hayo kwa wale wayasikiao. Tuazime njia ya maabara. Sentensi zile zile kumi, juu ya mwitiko, hifadhi, seli hai na muda wa saa, zisomwe kwa watu wa kawaida wa Bagamoyo, Mbeya, Masaka na Mombasa. Kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyofahamu. Na majibu yalinganishwe kama madoa ya sahani mbili. Viwekwe pia vishimo vitupu, yaani sentensi zisizo na istilahi yoyote, ili tujue ni kutofahamu kiasi gani kunakotokea bure. Sentensi ambayo majibu yake yametawanyika iandikwe upya, hata kama kila neno lake limepitishwa na baraza.

Itasemwa kwamba ripoti zote zitaandikwa kwa Kiingereza, na wanasayansi wataelewana huko. Ni kweli, wataelewana wao kwa wao. Lakini katika chanjo ya PfSPZ ilionekana kwamba waliochanjwa Bagamoyo walikuwa na mwitiko mdogo kuliko Wamarekani waliochanjwa kwa namna hiyo hiyo. Tokeo la namna hii lina uzito mkubwa: laweza kubadili dozi ya watoto wa bara zima. Ulinganisho huo una maana pale tu upimaji unapokuwa mmoja, na upimaji huwa mmoja pale tu kila mkono ulioigusa chupa, tangu aliyetoa damu hadi aliyehesabu, umefahamu agizo lile lile. Mikono hiyo mingi huagizana kwa Kiswahili.

Wala isisemwe kwamba muktadha hueleza. Muktadha humweleza aliyekwisha kuijua habari. Mshiriki anayejitolea damu yake kwa manufaa ya watu wengine hana muktadha ila ule tunaompa, nao umo ndani ya maneno yetu yenyewe. Amekuja na mkono wake ulio wazi. Tunachodaiwa ni kumpimia kwa kibaba cha mfuto: tumwambie kwamba mwili wake umeitika, ikiwa umeitika, kwamba hatujui kama amehifadhiwa, ikiwa hatujui, na neno kinga tusimpe mpaka tuwe na hakika ni ipi.